Nilikuwa Msomaji Wake wa Pili, Nikasoma kwa Wivu

Nilisikia kilio kabla sijaona mtu. Kilio cha mwanamume mzima, kile kinachotoka kifuani vipande vipande, nyuma ya mlango wa chumba cha mazoezi ya ushauri nasaha. Nikasimama koridoni na daftari langu, nikadhani kuna msiba.

Kosa ni langu. Naomba niliseme mapema, kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, maana mimi mwenyewe nimeshajitafutia vyote na hakuna kilichonitosha. Nilimwonea wivu rafiki yangu, nikamharibia kitu ambacho sijui kama kinarudishika. Barua ya kuacha kazi nimeshaipeleka kwa mkuu wa idara, na nyingine ya kueleza nilichofanya. Lakini barua za kiofisi zina adabu nyingi, hazina mahali pa kulia. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Majina nimeyabadilisha, na chuo sikitaji.

Nilisukuma mlango. Ndani alikuwa Afande, mwanafunzi mwenzetu wa shahada ya uzamili ya saikolojia, askari mwenye mabega kama kabati, ambaye alizoea kututania kwamba sisi raia tunaogopa hata mende. Analia! Mbele yake ameketi msichana mwembamba, nywele fupi, mikono imelala mapajani, hasemi kitu. Huyo ndiye Foibe. Ilikuwa wiki ya pili ya masomo na sikuwa nimewahi kuzungumza naye.

Mazoezi yale yalikuwa ya kuigiza. Mmoja anakuwa mshauri, mwingine anajifanya mteja mwenye shida ya kubuni. Afande alipangiwa kuigiza mtu aliyefiwa na mama. Kumbe kweli alifiwa na mama, miaka mingi nyuma, na hakuwahi kumlilia.

"Umemfanya nini?" nilimwuliza Foibe tukinawa mikono bombani.

"Sijamfanya kitu, dada. Nilimwuliza tu siku ya msiba alikula nini."

"Basi?"

"Basi. Akasema hakumbuki kama alikula. Halafu akamkumbuka mtu aliyempa chai."

Msimamizi wetu, mama wa makamo tuliyemwita Dokta kana kwamba chuo kizima hakuna daktari mwingine, alipopata habari ile alitikisa kichwa taratibu. "Huyu binti ana sikio," alisema mbele yetu sote. "Mbinu nitawafundisha. Sikio sina pa kulitoa."

Jamani, neno lile! Mimi nimekuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi, kwetu Mwanza. Nadharia nilizijua kama mtu anavyojua majina ya shangazi zake. Sasa naambiwa kuna kitu hakimo vitabuni, na amepewa mwingine!

Wiki ile ile nilipata mteja wangu wa mazoezi, kijana wa mwaka wa kwanza aliyesema ameachwa na mchumba. Nikakaa kama Foibe alivyokaa. Nikalaza mikono mapajani. Nikalegeza sauti, nikamwuliza, "Siku ile alipokuacha, ulikula nini?"

"Chipsi kuku, madam," akanijibu. "Kwa nini?"

Chekeni. Afande alicheka mpaka akashika ukuta nilipomsimulia. Mimi nilicheka naye, na ndani yangu kitu kidogo cheusi kikajikunja na kutulia, kama nyoka aliyepata jiwe lenye jua.

Ajabu ni kwamba tulipendana. Tulipanga pamoja vyumba viwili Makole, mjini Dodoma, tukagawana jiko na ndoo. Foibe alitoka kijiji kimoja cha Chamwino, binti wa mfugaji, na alinifundisha kupika mlenda wa karanga na ugali wa uwele. Nilipougua homa alinikanda kwa maji ya uvuguvugu na kuniimbia nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemchukia kila Dokta alipotamka jina lake. Wivu haukai na maadui, ndugu zangu. Wivu hula sahani moja na wewe.

Ulipofika wakati wa utafiti, mimi nilichagua hofu ya mitihani. Niligawa madodoso mabwenini. Wanafunzi wakanijazia wakiwa wanatazama mpira. Mmoja aliweka alama ya katikati kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, mstari ulionyooka kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba. Nilipata majedwali mazuri sana yasiyokuwa na mtu ndani.

Foibe alichagua huzuni ya wafugaji waliopoteza ng'ombe kwa ukame. Alisema dodoso lililotoka ng'ambo huwauliza wazee wa kwao kama wana huzuni, nao hujibu hapana, kwa sababu huzuni ni ya aliyefiwa na mtu, na wao wamefiwa na ng'ombe. Kwa hiyo hakuwauliza. Aliwaacha wasimulie, akarekodi, akaandika kila neno kwa Kiswahili.

Mara moja nilimsindikiza kijijini. Tulimkuta Mzee Yona ameketi kwenye gogo kando ya zizi lake. Foibe akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," mzee akaitikia na uso ukamfunguka. Mimi nikasema, "Shikamoo, babu," nikatoa kalamu.

"Marahaba." Akanitazama. Akamgeukia Foibe. "Huyu mwenzako mbona anaandika kabla sijasema?"

"Amezoea, babu. Ni msomi sana."

"Basi aandike kwamba nina afya." Wakacheka wote wawili. Mimi nikaandika, naam, kwamba ana afya!

Kisha Foibe akanyamaza, kile kimya chake. Mzee akachora chini kwa fimbo. Akasema, "Zizi hili siku hizi wanalala kuku." Upepo ulipita kwenye miti mitupu ya zizi, na nikamwona kifundo cha koo kikipanda na kushuka. Nilielewa. Nataka mjue hivyo. Nilielewa vizuri kama mtu mwingine yeyote angeelewa.

Sasa niwaeleze kazi moja ya kwetu, maana kosa langu limo humo. Katika utafiti wa mahojiano, mtafiti husoma maandishi yake mstari kwa mstari na kuandika pembeni kila mstari unabeba nini: hapa hofu, hapa aibu, hapa huzuni, hapa taarifa tu. Lakini hasomi peke yake. Mtu wa pili, ambaye hajaona alama zake, husoma vilevile na kuweka zake. Mwisho hulinganishwa. Wakipatana, utafiti una miguu. Wasipopatana, inasemekana mtafiti ameona alichotaka kukiona.

Foibe aliniomba mimi. Alikuja na bahasha ya kaki ameikumbatia kama mtoto. "Dada, uwe msomaji wangu wa pili. Wewe ndiye unayejua, na wewe hunionei haya."

Nikakubali. Jumamosi asubuhi, yeye akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilisoma mahojiano yote kwa uaminifu. Niliweka alama zangu. Huzuni. Huzuni. Aibu. Huzuni. Kuna mahali nililazimika kuweka kalamu chini na kutoka uani nivute pumzi. Kazi ile ilikuwa nzuri, Mungu wangu, ilikuwa nzuri! Ilikuwa kitu ambacho sitakiandika maisha yangu yote.

Jumatatu Dokta akaniita ofisini. Akaniambia kwa wema kabisa kwamba idara imepata nafasi moja ya mhadhiri msaidizi. "Nakueleza usije ukasikia kwa wengine. Foibe akimaliza vizuri, nitampendekeza yeye. Wewe una vyeti vizuri, utapokelewa popote. Lakini yule tukimwachia aende, sikio lile litapotea."

"Sawa, Dokta," nikasema. Nikatabasamu. Nikatoka. Kwenye ngazi nikashika ukuta kama Afande, ila mimi sikuwa ninacheka.

Mchana ule nilichapisha nakala mpya ya mahojiano yale. Nikaanza upya.

"Zizi hili siku hizi wanalala kuku." Pembeni nikaandika: taarifa za kaya.

"Asubuhi naamka mapema kama zamani, halafu nakumbuka." Nikaandika: ratiba ya siku.

"Huku pamekuwa kimya, unasikia upepo tu." Nikaandika: mazingira.

Mazingira! Mzee anatoboa kifua chake na kuniwekea moyo mezani, nami naandika mazingira, kwa mwandiko mzuri, wa moja kwa moja. Sikughushi saini ya mtu. Sikuiba neno lolote. Nilikataa tu kusikia nilichosikia, na hakuna kamati ya maadili duniani inayoweza kumkamata mtu kwa hilo.

Tulikaa watatu ofisini kwa Dokta kulinganisha. Alikuwa na karatasi zetu mbili mbele yake, miwani imeshuka puani.

"Sielewi," alisema. "Hamkupatana karibu kokote. Hapa pa kuku, Foibe umeandika huzuni. Mwenzio anasema taarifa za kaya."

"Anaeleza matumizi ya zizi," nilisema. "Hajataja hisia yoyote."

Foibe alinigeukia. "Lakini dada, ulikuwepo. Ulimwona alivyokuwa—"

"Tunasoma maandishi, Foibe. Hatusomi sura."

"Na hapa pa upepo?"

"Upepo ni upepo. Dodoma kuna upepo."

Dokta alitaka kucheka, akaacha. Kila mstari aliougusa nilikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na kitabu. Nilikuwa nimejiandaa kuliko nilivyowahi kujiandaa kwa mtihani. Kisha, nilipoona Dokta anaanza kusita na kuniangalia kwa makini, nikatoa kisu chenyewe.

"Naomba niseme kwa upendo," nikasema. "Ukiwa mwenyeji unaweza kusikia zaidi ya kilichosemwa. Hawa ni wazee wa kwenu. Baba yako mwenyewe ni mfugaji na ng'ombe wake walikufa. Huoni kama kila mzee akifungua mdomo unamsikia baba yako?"

Foibe aliangalia karatasi zake, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja, kama mtu anayegusa kovu kujua kama bado linauma.

"Inawezekana," alisema.

Dokta akapendekeza tutafute msomaji wa tatu. Nikaogopa, maana msomaji wa tatu, yeyote mwenye masikio mawili, angeniumbua. Foibe ndiye aliyeniokoa!

"Hapana, Dokta," alisema. "Kama dada anayenijua hivi hakusikia kitu, basi hakuna kitu. Nitaiondoa sura yote ya mahojiano."

Akaiondoa. Utafiti wake ukabaki na umri wa wazee, idadi ya mifugo na ramani. Akafaulu, kufaulu kwa kawaida. Nafasi nikapewa mimi, na Foibe alinipikia mlenda wa kunipongeza. Niliula wote. Sijui niliumezaje.

Yeye akapata kazi kwenye ofisi moja upande wa Ihumwa, kitengo cha masjala, kupokea barua na kugonga mihuri. Akahama Makole. Tukawa tunaandikiana kwenye simu siku za sikukuu, picha za maua na mishumaa, maneno ya kunakili.

Nami nikawa mwalimu. Mnadhani wivu uliisha? Ulikosa mtu wa kumla, ukanigeukia. Kila muhula ninafundisha somo la mbinu za utafiti, na kila muhula hufika siku ya kueleza kazi ya msomaji wa pili. Nilieleza kwa ufasaha. Wanafunzi wakanakili. Mwaka jana msichana mmoja aliyekaa mbele akainua mkono, "Madam, je, msomaji wa pili akiwa hampendi wa kwanza?" Nikamwambia swali hilo halimo kwenye mtaala. Darasa likacheka. Nikafuta ubao uliokuwa tayari mweupe.

Halafu, wiki tatu zilizopita, Foibe akaja ofisini kwangu. Saa nne asubuhi, kitambulisho cha kazi shingoni, amekonda. Alikataa chai. Akakaa ukingoni mwa kiti kama wanafunzi wanaokuja kuomba kuongezewa muda.

"Dada, nimekuja unifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Kusikia. Ule mwaka uliniambia ukweli na mimi sikujifunza vizuri. Nataka kujua unatofautishaje mtu akiwa na huzuni na mtu anayetoa taarifa tu. Mimi siwezi tena. Nikisikia mtu anaongea, najiuliza kama ni yeye au ni mimi."

"Kumetokea nini, mdogo wangu?"

"Baba." Akanyoosha sketi magotini. "Alikuwa ananipigia simu. Anasema, siku hizi naamka sina pa kwenda. Anasema, huku kimya. Moyo unaniambia, Foibe, panda gari leo leo. Halafu nakumbuka. Najiambia, usianze, hiyo ni ratiba ya siku, hayo ni mazingira. Namjibu, sawa baba, Mungu ni mwema. Mwezi mzima hivyo. Nilipokwenda, jirani ndiye aliyekuwa anamnywesha uji. Alikuwa ameacha kula. Amelala anaangalia ukuta."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko kwa kaka, huko huko kijijini, anakula kidogo. Lakini haongei na mimi tena kama zamani. Nikimwuliza hali, anasema nzuri." Akatabasamu, tabasamu baya kulitazama. "Kwa hiyo nimekuja. Unionyeshe nilikosea wapi, ili nisikosee tena."

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo. Nataka mjue hilo pia. Ulikuwepo mdomoni, laini, wa kitaalamu. Ningeweza kumwazima kitabu!

Nikamwambia yote. Nakala ya kwanza na nakala ya pili. Jumamosi na Jumatatu. Nafasi ya kazi. Nilimwambia ninamwonea wivu tangu kilio cha Afande, na kwamba hata wakati ule, ameketi mbele yangu amekonda kwa kosa langu, sehemu fulani ya moyo wangu bado ilikuwa inamwonea wivu, kwa sababu moyo wake ulimwambia panda gari, na wangu haujawahi kuniambia kitu kama hicho kuhusu mtu yeyote.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kilio changu kilinitia aibu, maana hata hapo nilikuwa nataka anisikilize mimi.

"Mstari wa kuku," alisema hatimaye. "Nakala ya kwanza, uliandika nini?"

"Huzuni."

"Na wa upepo?"

"Huzuni, Foibe."

"Yote?"

"Karibu yote. Palipobaki niliandika aibu. Nawe hapo ulikuwa umeandika aibu."

Ndugu msomaji, nikuachie neno hili kabla sijamaliza. Siku moja mtu atakuja na bahasha yake ameikumbatia, akuombe umsomee, umsikilizie, umwambie kama alichokiona kipo kweli. Chunguza moyo wako kabla ya kuipokea. Ukikuta humo kuna nyoka, mwambie tu, "Mwenzangu, mtafute mwingine." Hutakuwa umevunja urafiki. Mimi sentensi hiyo fupi ilinishinda, nikaona ni nafuu kumfanya mtu ayakane masikio yake mwenyewe. Msifanye hivyo, jamani! Mali ukimwibia mtu atatafuta nyingine. Ukimwibia imani ya kile anachokisikia, humwachii hata cha kukutambulia wewe mwizi wake.

Foibe alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza nilikaa kimya pamoja naye bila kutafuta la kusema. Nje wanafunzi walikuwa wanapita wakibishana kuhusu majibu ya jaribio.

"Basi nilisikia," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba ananisomea. Kisha uso ukabadilika, nikaona jambo la pili linamfikia, zito kuliko la kwanza. "Basi na baba nilimsikia vizuri. Alikuwa ananiita. Na sikwenda."

"Foibe, hilo ni langu. Hilo niachie mimi."

"Hapana, dada." Alisimama, akaweka mkoba begani. "Mengine utayabeba wewe. Hilo ni langu na baba. Magari ya kwetu yanaondoka saa sita, nikiwahi nitamkuta hajalala mchana."

Nilisimama nami. Nilinyoosha mkono, sijui nilitaka kumshika au kumzuia. Aliutazama, hakuugusa. Akapita, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, hadi kitasa kikabana, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.